Muziki wa Kompyuta Zilizounganishwa (2): Kusikilizana kwa Mbali

Juma lililopita tulitazama kompyuta moja ikitengeneza mdundo. Leo tuzitazame kadhaa zikipiga pamoja.

Mwaka 1978, kandokando ya Ghuba ya San Francisco, Marekani, Jim Horton, John Bischoff na Rich Gold waliunganisha kwa nyaya kompyuta aina ya KIM-1, ambazo kumbukumbu yake haikutosha herufi 1,200. Kilichotoka katika moja kiliingia katika nyingine na kubadili ilichokuwa ikipiga. Mwaka 1987 kundi lililowarithi, The Hub, liligawanyika watatu watatu katika kumbi mbili za New York, kompyuta zao zikipashana habari kwa njia ya simu.

Sisi wa Rungwe msingi wa jambo hili tunao. Wamisionari wa Moravian walifika hapa mwaka 1891, na tarumbeta ni sehemu ya urithi wa kanisa lao. Itazame bendi ya tarumbeta ikipiga uwanjani. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Basi mpiga besi aliye mita kumi kutoka kwa mwenzake humsikia akiwa amechelewa sehemu tatu za mia za sekunde. Hapo bado wanakwenda pamoja. Ucheleweshaji ukizidi sana, mapigo huanza kusuasua.

Sasa pima mkongo wa mawasiliano. Ndani ya nyuzi za kioo ishara hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Tukuyu hadi Dar es Salaam, kilomita 900 hivi kwa barabara, ni chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Umbali si kikwazo. Kinachochelewesha ni mitambo ya njiani, na kompyuta zinazolimbikiza sauti kabla ya kuituma. Ndiyo sababu Chris Chafe na Juan-Pablo Cáceres wa Chuo Kikuu cha Stanford waliunda JackTrip, programu inayotuma sauti bila kuibana, maana kuibana nako hula muda. Wakati wa Uviko-19 kwaya za ng'ambo ziliitumia, kila mwimbaji akiwa nyumbani kwake.

Kijana wa Tukuyu akituma mdundo Mbeya kwa WhatsApp, na mwenzake akaingiza sauti kesho yake, hiyo ni barua. Ngoma ni kujibizana papo hapo.

Walimu wa kwaya, kuanza hakuhitaji bando. Ungeni kompyuta mbili kwa waya, vyumba viwili, soprano huku, besi kule. Mkishaweza kusikilizana ukuta ukiwa katikati, Mbeya haitakuwa mbali.