Dawa za Ayurveda na Ubongo wa Mtoto

Hakuna mzazi asiyetamani mwanawe awe na afya njema na wepesi wa kufahamu. Huko India, elimu ya kale ya tiba iitwayo Ayurveda ina tawi zima lihusulo watoto. Kitabu kimoja cha tawi hilo, Kashyapa Samhita, chaagiza dhahabu isuguliwe juu ya jiwe kwa maji, ichanganywe na asali na samli, kisha mtoto alambishwe. Chadai kwamba alambishwaye mwezi mmoja hupata akili kali, na alambishwaye miezi sita hukumbuka kila asikialo. Desturi hiyo ingali hai, na mara nyingi huongezwa brahmi, mmea mdogo utambaao penye majimaji.

Je, sayansi yasemaje? Brahmi ina kemikali ziitwazo bakosaidi. Katika majaribio kadhaa, watu wazima walioitumia kwa wiki 12 walikumbuka mambo vizuri zaidi kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hata hivyo, majaribio hayo yalihusisha watu wachache, na ya watoto ni haba mno. Kwa hiyo haijathibitika kwamba brahmi humwongezea mtoto akili, wala kwamba dhahabu humkinga na maradhi.

Hatari zake, kwa upande mwingine, zajulikana. Asali yaweza kuwa na spora za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtoto asiyetimiza mwaka mmoja haliwezi kuzizuia zisiote; hutoa sumu ilegezayo misuli, hata ile ya kupumulia.

Hatari ya pili ni madini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani katika eneo la Boston, Marekani. Dawa 14, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi hufanana na kalsiamu machoni pa mwili, nao huipokea bila kuitambua. Tena mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima. Ikifika ubongoni huvuruga ukuaji wake na kupunguza akili. Hivyo dawa iliyonunuliwa ili kuunoa ubongo yaweza kuudhuru, na mzazi asitambue, kwa kuwa risasi haionekani wala hainuki katika unga wa majani.

Yaliyothibitika ni haya: maziwa ya mama, chanjo, chakula chenye madini ya chuma, na chumvi yenye iodini.

Zoezi kwa wanafunzi: Mama asema, "Mwanangu alilambishwa dawa, na mwaka huu hakuugua." Ni mambo gani yapasa kuulizwa kabla ya kuisifu dawa? Fikirini juu ya watoto wasiolambishwa, idadi yao, chakula chao na chanjo walizopata.