Michirizi ya Rangi: Kijiko Kwanza, Ndege Baadaye

Likizo za shule zikifika, wazazi wengi hutafuta shughuli itakayomtuliza kijana nyumbani na kumfunza jambo. Miongoni mwa zile tunazozipendekeza, kwa wavulana na mabinti, ni kuunda ndege ndogo za plastiki ambazo huuzwa vipande vipande ndani ya sanduku. Kuviunga vipande hivyo kwa gundi ni kazi ya jioni chache. Kupaka rangi ndiko kunakoupima mkono, hasa pale rangi inapotakiwa iwe ya michirizi.

Tuchukue mfano wa Fokker Dr.I, ndege ya Ujerumani ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliyoingia vitani mwaka 1917 ikiwa na mabawa matatu yaliyopangwa moja juu ya jingine. Wengi huijua kwa rangi nyekundu ya rubani Manfred von Richthofen, lakini nyingi zilitoka kiwandani na sura nyingine. Mabawa na kiwiliwili vilivikwa kitambaa cha kitani. Juu yake mafundi walipitisha brashi yenye rangi ya kijani cha zeituni iliyozimuliwa, hata kitani kikawa kinachungulia baina ya mchirizi na mchirizi. Upande wa chini ulipakwa buluu hafifu.

Mtazamaji hudhani kazi hiyo ilifanywa ovyo, mpaka ajaribu mwenyewe. Bawa la juu la ndege halisi lilikuwa na urefu wa mita 7.19. Katika kipimo cha 1/72 huwa sentimita 10 tu, na mchirizi ambao ungekuwa na upana wa sentimita 10 hubaki chini ya milimita moja na nusu. Rangi ikizidi, michirizi huungana ikawa doa. Ikipungua mno, bawa huonekana kama lililokwaruzwa.

Kwa hivyo tunashauri mazoezi yaanzie kwenye vijiko vya plastiki vilivyobaki baada ya karamu. Mgongo wa kijiko una mviringo kama kiwiliwili cha ndege, na kikiharibika hakuna hasara. Kioshwe kwa sabuni ili mafuta yatoke, kikaushwe, kisha kipakwe rangi ya kitani, yaani nyeupe iliyotiwa manjano na kahawia kidogo. Kiachwe hadi kesho yake.

Siku ya pili, brashi bapa ichovywe kijani kidogo, ipanguswe kwenye kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, ndipo ipitishwe mara moja kwa upande mmoja. Asirudie mahali palipo na unyevu, kwani rangi ya chini itachubuka. Kivuli kikipungua, angoje pakauke kisha aongeze. Haba na haba hujaza kibaba. Nyuma ya kila kijiko aandike namba, na daftarini aandike matone mangapi ya maji aliyatia.

Kwa nyumba yenye watoto, rangi za kuzimuliwa kwa maji ndizo zifaazo. Zile za mafuta hukauka polepole na kumpa mtu nafasi ya kusahihisha, lakini viyeyusho vyake vina harufu kali na hushika moto upesi. Hizo ziwe mikononi mwa watu wazima, madirisha yakiwa wazi.

Mtihani wa mzazi ni mwingine. Sanduku limenunuliwa kwa pesa, mtoto ana hamu ya kuanza na ndege yenyewe, na kijiko cha kwanza kimetoka kibaya. Ni rahisi kumpokonya brashi na kummalizia. Tunawasihi wazazi wajizuie. Mtoto aliyemaliziwa kazi hujifunza kwamba mkono wake hautoshi. Afadhali vijiko vipangwe kwenye mwanga wa dirisha, naye aulizwe kipi kinafanana na kitani kilichopakwa kwa brashi, na kwa nini. Jibu lake litamfaa kuliko maelezo yetu.

Akipata vijiko vitatu mfululizo vyenye michirizi sawa, na aiendee ndege. Aanze na bawa la chini kabisa. Hilo hufunikwa na mabawa mawili yaliyo juu yake, na kasoro ya mwanzo haitaonekana sana.