Lini Tawi Litengwe na Shina?

Katika chama chetu cha kompyuta wanafunzi huniuliza kwa nini programu hutangazwa kuwa tayari, kisha baada ya miezi michache hutolewa nyingine ya kuirekebisha. Swali ni zuri, nami nitalijibu kwa mfano wa kazi moja niifuatayo kwa miaka kadhaa, yaani GCC.

GCC ni kompaila, maana yake ni programu inayotwaa maagizo yaliyoandikwa na binadamu na kuyageuza yawe lugha ya mashine. Iliasisiwa na Bwana Richard Stallman wa Marekani, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1987. Ni programu huria: kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuibadili na kuigawa. Basi kosa la kompaila si kosa la programu moja. Huweza kuingia katika kila programu iliyopita mikononi mwake, na yule aliyeandika maagizo yake sawasawa atatafuta kosa usiku kucha asilione, kwa sababu halimo katika maandishi yake.

Kazi yenyewe hufanywa juu ya shina moja, na mwaka hugawanywa vipindi. Katika kipindi cha kwanza, kiishiacho karibu na katikati ya Novemba, mlango u wazi kwa mambo mapya. Kisha huja kipindi cha tatu (cha pili kilifutwa zamani, wala hakuna aliyejisumbua kubadili hesabu!), ambacho kazi yake kubwa ni kurekebisha kasoro. Tangu Januari ni kipindi cha nne: yanayopokelewa ni masahihisho ya maelezo, na ya yale yaliyokuwa mazima katika toleo lililotangulia lakini sasa yameharibika.

Wakati huo wote shina hujaribiwa. Kompaila hujitafsiri yenyewe mara tatu, na matokeo ya mara ya pili na ya tatu hulinganishwa. Yakitofautiana, pana kosa. Nao watu wa Fedora, kwa kawaida mwezi Januari, huitwaa ingali mbichi wakajenga upya maelfu ya programu zao. Hapo huonekana kasoro ambazo waandishi wake hawakuziwaza.

Sasa, lini tawi la toleo jipya litengwe? Mtu aweza kusema: ipangwe tarehe, yatosha. Lakini litengwapo mapema, kila sahihisho hubidi liingizwe mara mbili, shinani na tawini. Tena watu hupenda kujenga kuliko kuziba nyufa. Mlango wa mambo mapya ukifunguliwa shinani, wataliacha tawi bila mjaribu. Likicheleweshwa mno, wenye kazi mpya hungoja, na kazi zao huachana na shina hata kuziunganisha kukawa taabu.

Kanuni ya GCC ni kwamba tawi halitengwi mpaka kasoro za daraja la kwanza ziwe sifuri. Naona ni kanuni ya busara, kwa kuwa yule atamaniye mlango ufunguliwe hana budi kusaidia kuziba nyufa. Ugumu umo katika kupanga madaraja. Wasimamizi wa toleo ndio waamuao kama kasoro ni ya kwanza au ya pili, na Aprili ikikaribia, watu wakiwa wamechoka, kishawishi cha kuishusha kasoro daraja si kidogo. Kasoro itoayo jibu la uongo kimya kimya, bila kumwonya mtu, nisingekubali ishushwe hata toleo likichelewa mwezi mzima. Ile ipunguzayo mwendo kidogo tu, ningeiacha ingoje.

Zikifika sifuri, tawi hutengwa, shina hupewa nambari mpya, na kutoka tawini hutolewa toleo la majaribio. Kwa muda wa kama juma moja hapana kitu kinachoingia tawini bila idhini ya wasimamizi. Ndivyo GCC 15.1 ilivyotoka tarehe 25 Aprili 2025. Na kwa kuwa watu wengi hukijaribu kitu pale tu kinapoitwa tayari, kasoro nyingine zililetwa, zikarekebishwa katika tawi lile lile, na 15.2 ikatoka tarehe 8 Agosti mwaka huo.