Baridi yabisi: Usilaumu baridi ya Molo

KATIKA nyanda za juu za Nakuru, kuanzia Molo hadi Mau Summit, mama anayeamka alfajiri kukama ng'ombe na kukuta vidole vyake vimekakamaa huwa na jibu tayari: ni baridi. Lugha yetu nayo humuunga mkono, kwani maradhi hayo tumeyaita baridi yabisi tangu zama za mababu. Jina hilo, kwa kweli, limetupotosha. Baridi huweza kuzidisha maumivu, lakini siyo inayoleta ugonjwa.

Chanzo kimo mwilini. Mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kupambana na viini vya maradhi, hukosea na kuugeukia mwili wenyewe. Chembe za kinga huvamia utando mwororo uliomo ndani ya kiungo, utando huo hufura, na polepole gegedu na mfupa huliwa. Ndiyo sababu vidole hupinda. Lupasi, ambayo aghalabu hushambulia ngozi na figo, ni ya ukoo huo huo.

Kwa nini askari wa mwili waasi? Mwaka 1995, Shimon Sakaguchi wa Japani alieleza kwamba kuna chembe maalum zinazowatuliza askari hao. Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walitambua jeni ambayo ikiharibika, kinga hukosa breki. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Hapa nchini, Profesa Omondi Oyoo wa Chuo Kikuu cha Nairobi ni miongoni mwa watafiti waliouweka ugonjwa huu bayana. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la East African Medical Journal uchunguzi wa wagonjwa 60 wa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Kati yao, 52 walikuwa wanawake, na wastani wa umri ulikuwa takriban miaka 41. Basi wale wanaodai kuwa haya ni maradhi ya vikongwe wakome. Ni watu wenye watoto shuleni na shamba la kupalilia, na wengi wao ugonjwa ulikuwa haujadhibitiwa. Profesa Oyoo alishiriki pia katika mradi wa UWEZO, uliowafunza wahudumu wa afya kutambua maradhi ya viungo mapema, kwa kuwa mabingwa wa fani hii ni wachache mno na wengi wako Nairobi.

Mhudumu wa zahanati ya Nakuru ana kibarua kigumu kuliko mwenzake wa kwingineko. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutia floraidi katika maji ya visima, mara nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia tunayajua sote. Wasiojulikana sana ni watu ambao, baada ya kunywa maji hayo kwa miaka mingi, mifupa na viungo vyao huuma na kukakamaa. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikichuja floraidi hiyo kwa mifupa ya mifugo iliyochomwa. Kisha kuna bruselosi, itokanayo na maziwa mabichi, ambayo nayo huleta homa na maumivu ya viungo. Mgonjwa anayetibiwa bruselosi mara tatu bila nafuu ana haki ya kuuliza kama kweli ni bruselosi.

Dalili za baridi yabisi zina mtindo wake. Huanza kwa viungo vidogo vya mikono na miguu, pande zote mbili. Ukakamavu wa asubuhi hudumu saa nzima au zaidi. Na uvimbe hauishi hata baada ya wiki sita. Kipimo cha damu husaidia, lakini hakitoshi peke yake, kwani baadhi ya wagonjwa hupatikana hawana alama hiyo katika damu.

Wengi hukimbilia duka la dawa na kuuziwa vidonge vya steroidi. Maumivu hutoweka kwa siku chache, na hapo ndipo mtego ulipo: vikitumiwa kiholela kwa muda mrefu, uso hufura, sukari hupanda na mifupa hudhoofika. Dawa kuu inayouzuia ugonjwa wenyewe ni methotreksati, na si ya bei ya kutisha. Humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kosa hilo limewahi kuua. Mwanamke mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, haruhusiwi kuitumia.

Zipo pia sindano za kisasa, zilizotokana na kazi ya Marc Feldmann na Ravinder Maini wa London, waliowajaribu wagonjwa wa kwanza mwaka 1992. Sindano hizo huzima kemikali ya TNF inayochochea uvimbe. Bei yake ni mzigo kwa familia nyingi. Tena huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, hivyo daktari hupima kifua kikuu kwanza kabla ya kuchoma sindano ya kwanza.