Moto Uliotoka Katika Udongo Wetu

Mtu asimamaye ufukoni Kalemie wakati wa jioni huziona taa za mji zikimetameta juu ya maji, naye huenda akajiuliza: nuru hii yatoka wapi? Zamani makaa ya mawe yalichimbwa katika bonde la Lukuga. Umeme wa mji nao hutoka katika nguvu za mto Kiyimbi, huko Bendera. Lakini nyumba nyingi zingali zikingoja, na akina mama hupika kwa makaa ya miti.

Basi vijana wa shule huuliza: Je, nguvu za atomi haziwezi kutufaa? Wazee wakilisikia neno hilo hutikisa kichwa, nao wana sababu. Urani ya Shinkolobwe, katika Katanga, ilichimbwa kwa mikono ya watu wetu, wasioambiwa jiwe lile litafanya kazi gani. Wamarekani waliitumia kutengeneza bomu, na tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliteketea.

Hata hivyo, moto uleule ulikuja kwetu kwa sura nyingine. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Lovanium, katika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kiliwasha mtambo mdogo wa atomi, wa kwanza katika Afrika. Mkuu wa chuo alikuwa padre, Monsinyori Luc Gillon, mtaalamu wa fizikia. Mtambo ule haukutoa umeme. Ulikuwa wa masomo na utafiti.

Kazi yake si uchawi. Urani ikipasuka hutoa joto. Joto huchemsha maji. Mvuke huzungusha mashine za umeme. Haina moshi, lakini mabaki yake hudumu na hatari kwa maelfu ya miaka.

Kwa hiyo mawazo ya watu huenda na kurudi kama mawimbi ya ziwa letu. Baada ya ajali za Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011, wengi waliingiwa na hofu. Ujerumani ilizima mitambo yake ya mwisho mwaka 2023. Ubelgiji ulitunga sheria ya kuiacha atomi mwaka 2003. Mwaka 2025 bunge lake likaifuta, maana moshi wa makaa na bei ya gesi vimewafanya wengi wafikiri upya. Lakini huko Uyombo, pwani ya Kenya, wenyeji waliandamana mwaka 2024 kuukataa mtambo uliokusudiwa kwao.

Papa Fransisko, akitoka Japani mwaka 2019, alisema kwamba yeye binafsi asingeitumia nguvu hiyo mpaka usalama wake uwe kamili.

Wapenzi wasomaji, Mungu alimpa mwanadamu akili ili ailinde dunia pamoja na jirani yake. Msishangilie jambo kwa kuwa ni jipya, wala msilikimbie kwa uvumi. Ulizeni: nani atapata nuru, nani atabeba hatari, na je, wenyeji wameelezwa ukweli? Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakupata nafasi ya kuuliza. Ninyi mnayo. Kuuliza si ujinga.