Umeme Kuwa Joto au Kuwa Mbolea: Chama Kianze Wapi?

Mkulima wa pamba wa Mkoa wa Simiyu anahitaji moto wa kupikia nyumbani na mbolea ya shambani. Vyote viwili vyaweza kupatikana kutokana na umeme wa maji, jua au upepo. Lakini gharama zake hazilingani, na fedha za chama ni jasho la wanachama. Yafaa tofauti hiyo ieleweke kabla ya mkutano mkuu kupitisha matumizi yoyote.

Njia ya kwanza ni kugeuza umeme kuwa joto. Umeme upitao katika waya wa jiko hugeuka joto karibu wote. Kuchemsha lita 10 za maji yenye nyuzi 20 huhitaji takriban uniti moja, mradi joto lisipotee. Ndiyo sababu sufuria ya umeme ya presha, ambayo hufunikwa na kukaza joto ndani, huivisha kilo moja ya maharage kwa chini ya uniti moja.

Njia ya pili ni kugeuza umeme kuwa nishati ya kuhifadhi. Umeme hupitishwa majini, nayo maji hutengana kuwa oksijeni na haidrojeni. Kilo moja ya haidrojeni hula uniti 50 hadi 55, ilhali ikichomwa hurudisha joto la uniti 33 tu. Theluthi moja au zaidi hupotea njiani. Haidrojeni hiyo ikiunganishwa na naitrojeni ya hewani hutoa amonia, ambayo ni asili ya mbolea nyingi za viwandani.

Jambo hili si ndoto. Kiwanda cha Sable Chemicals cha Kwekwe, Zimbabwe, kilitumia njia hiyo kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, mitambo yake ya kutenganisha maji ilifungwa mwaka 2015, kwa kuwa umeme ulikuwa haba na wa bei kubwa. Mbolea ya namna hiyo ni kazi ya taifa lenye umeme mwingi na rahisi. Haiwezi kuwa mzigo wa chama cha msingi.

Kwa upande wa joto, milango imefunguka. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, limejengwa kwa megawati 2,115. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka huohuo unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Katika nchi ya Usukuma, kila gunia la mkaa lisilochomwa ni miti iliyosalia.

Hivyo basi, katibu na aanze na jaribio dogo. Asome uniti zilizobaki katika mita, chakula kipikwe, kisha asome tena. Tofauti aizidishe kwa bei ya uniti, ailinganishe na gharama ya mkaa uivishao chungu kilekile. Hesabu hiyo isomwe mbele ya wanachama, nao ndio waamue.