Kiongozi Ajitathmini Ili Aaminiwe na Watumishi

Katika Bonde la Kilombero, afisa ugani wa kata hufanya kazi mbali na macho ya mkuu wake. Mito inapofurika wakati wa masika na mashamba ya mpunga kuzama, taarifa yake ya kweli ndiyo humwezesha mkulima kupata msaada mapema. Mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS, hupima utendaji wa mtumishi, lakini haumwondolei hofu ya kupeleka habari mbaya. Kuiondoa hofu hiyo ni wajibu wa kiongozi. Hivyo, kila mkuu wa idara mjini Ifakara hana budi kujiuliza: mtumishi aliyeniletea habari mbaya mara ya mwisho, nilimsikiliza au nilimkaripia? Aliyekaripiwa, safari ijayo huchelewa kusema, na anayeumia ni mkulima.